Mama wa Vitenge Sita

Kamembe, 14 Mei 2023

Mama Mkubwa mpendwa,

Nisamehe nikianza na sauti kabla ya salamu. Ni sauti ya kalamu ya biki ikianguka kwenye sementi. Iligonga, ikadunda mara moja, ikabiringika hadi kwenye kiatu chako. Tangu Ijumaa naisikia nikifuta ubao, nikimenya viazi, nikisali. Basi sasa nakusalimu. Mgongo unaendeleaje? Presha je? Mdogo wangu Sandrine amemaliza mitihani yake? Mimi ni mzima, na hata huo uzima unanitia haya.

Nilikuwapo, Mama Mkubwa. Nilikuandikia kwenye simu kwamba nimezuiwa na mkutano wa walimu. Hakukuwa na mkutano. Nilisimama upande wa huku wa kizuizi cha mpakani, karibu na pikipiki, nikiwa na chupa ya maji niliyokununulia. Nilikuona ukifika kwenye meza ya ukaguzi kwa ule mwendo wako wa bibi harusi. Nilimwona yule kijana wa mezani akiinyanyua biki yake na kuiachia makusudi.

“Mama, niokotee.”

Ukasema mgongo unakuuma.

“Mgongo wa vitenge vingapi?”

Foleni nzima ikacheka. Ilicheka kwa sababu inaijua ile video. Ukajaribu kuinama, goti likakataa kukunja, ukabaki umeinama nusu kama mtu anayetafuta kitu alichokwisha kukiona. Kisha yule dada mkaguzi akakupeleka nyuma ya pazia. Uliingia mnene, ukatoka mwembamba, vitenge vyako sita visivyolipiwa ushuru vimebaki kwao. Sikuwahi kukuona mwembamba mbele ya watu. Nami nikapita nyuma ya pikipiki, nikapanda ya kwanza iliyonipa kofia.

Sasa lile lingine. Ile video ni yangu.

Unajua nachora tangu utotoni. Miaka miwili iliyopita nilifungua ukurasa mtandaoni, nikauita Biki ya Bluu. Naweka simu juu ya mkono wangu, nachora kwa muda wa saa tisa, halafu watu wanaziona saa hizo kwa dakika moja. Ulikuwa mchezo wa jioni tu. Baadaye watu wakaanza kuniagiza picha za wazazi wao, za harusi, za marehemu. Duka moja la vitambaa huko Kigali likaanza kunilipa ili nitaje jina lake. Kwa mwalimu kama mimi, hicho si kitu kidogo.

Mwezi wa tatu nilikuchora wewe. Sikuchora uso, na nilijiambia kwamba hiyo ndiyo heshima. Nilichora mgongo, nyonga, na zile pindo sita zinazopishana kwa upana wa kidole kama maganda ya kitunguu. Nani mwingine angeweza? Mimi ndiye niliyekuwa nakushikia pini alfajiri, kabla ya kwenda shule. Na juu ya mchoro nikaweka sauti yangu:

“Kitenge cha kwanza ni cha heshima. Cha pili ni cha ada ya shule. Cha tatu ni cha kodi ya nyumba. Cha nne ni cha dawa. Cha tano ni cha mchango wa harusi ya jirani. Cha sita, Mungu akipenda. Mama wa vitenge sita, kitu kikimwanguka, hakiokoti. Hukipita kama hakimhusu.”

Niliona ni shairi la kukusifu. Watu laki tatu wameitazama. Mmoja wao anakaa kwenye ile meza, na nimempa kipimo cha kuwapimia nyote. Sikukuuliza hata mara moja.

Naogopa kukupigia. Nilipokuwa bwenini kule Mibirizi ulinidai barua kila wiki, ukisema kwenye simu najua kudanganya lakini mkono wangu haujui. Bernadette, mwenzako wa kuvuka, amekubali kukuletea hii.

Ni mimi mtoto wako,
Umuhire


Bukavu, 23 Mei 2023

Umuhire mutoto wangu,

Salamu ya Bwana. Habari ya kazi na ya batoto ba masomo? Unakulaka, ao unachoraka tu? Huku tuko. Mugongo iko palepale, haijahama. Presha inapanda na kushuka sawa muntu wa soko. Sandrine alimaliza mitihani, anasema alifanya muzuri, tutaona.

Nilisoma barua yako. Sasa usikilize. Unafikiri mi sikujua ile video ni yako? Sandrine alinionyesha mu mwezi wa tatu. Nani mwengine eko na ile matako mu Bukavu muzima? Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na mi mwenyewe nikabeba ile telefone, nikaonyesha bamama bote tunavukaka nabo: “Mutazame, mukono wa mutoto wangu. Nilimusomesha na hizi bikwembe, hizi bitenge, sasa anazichora.” Bernadette akasema, “Ee Joséphine, leo uko vedette, uko nyota, utatusalimia bado?” Tulicheka pale ku foleni. Kumbe tulikuwa tunacheka kilio yetu wenyewe.

Kwa hiyo ile kosa usiibebe yote peke yako. Ni yetu sisi wawili. Wewe ulisema, mi nikatangaza.

Lakini bale bamama bingine habacheki tena. Tuko kumi na tisa, unatujua. Tunavukaka pamoja, mumoja anatangulia kuona kama kuko amani, mwengine anakufunga, mwengine anakufungua kule Kamembe. Muntu peke yake hawezi. Ku wiki moja saba bamepoteza bikwembe yabo juu ya ile mambo ya biki. Mukabera, mukubwa wetu, aliniita mbele ya bote. Unamujua Mukabera, haongeaki mingi. Alisema, “Joséphine, ku nyumba yako kuko jicho na kinywa. Vuka na batu bako.” Tangu ile siku sijavuka. Niko nakaa ku mulango natazama ziwa sawa mutalii.

Bikwembe zangu sita isiuzunishe roho yako. Nilizaliwa bila kikwembe. Lakini ulinitazama, kisha ukaenda. Hiyo, mutoto, sijajua bado fasi ya kuiweka.

Ninakuomba kitu moja. Tosha ile video, ifute. Leo, usingoje kesho. Ukiisha kuitosha, nitaenda kwa Mukabera nimwambie: mutoto amesikia. Pengine atanirudisha. Miaka makumi mbili na moja na bale bamama, sijue kazi ingine, sijue na bandugu bengine.

Jibu upatie Bernadette. Mimba yake inapita miezi sita sasa, aliachaka bikwembe, anavuka na sambaza tu, ile samaki kadogo ya ziwa.

Mama yako mukubwa,
Joséphine


Kamembe, 11 Juni 2023

Mama Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba daktari amekubadilishia ile dawa ya presha. Mimi nina mafua kidogo, si kitu. Wanafunzi wako kwenye marudio ya mitihani. Uvumilie karatasi hii ngumu, ni ya kuchorea, ndiyo pekee iliyobaki nyumbani.

Uliniambia leo, nami nimechelewa siku kumi na tisa. Video bado ipo.

Nitakueleza. Lile duka lililipia jina lake likae chini ya video hiyo hadi mwisho wa mwezi huu. Nikiifuta kabla, nimevunja ahadi, na wanasema wanataka michoro mingine minane ya namna hiyo. Zimebaki wiki mbili na nusu tu. Isitoshe, watu wameshainakili. Nikiifuta kwangu itabaki kwao, na yule kijana wa mezani hahitaji kuitazama tena, ameshaikariri. Kuiondoa hakutamrudishia mtu yeyote kitambaa chake.

Haya yote ni kweli, na nimeyapanga vizuri kama somo. Nikiyasoma tena naona aibu.

Ukweli ambao sikuupanga ni huu. Siku ile ile nilipopata barua yako niliishika simu, nikaweka kidole juu ya neno Futa. Chini ya kidole namba ikaongezeka. Mtu mmoja zaidi, sijui wapi, alikuwa ameipenda. Nikaondoa kidole. Si fedha tu, Mama Mkubwa. Darasani nazungumza na vichwa vilivyoinama. Nyumbani nazungumza na jiko. Pale kwenye ukurasa watu wananiambia: wewe unaona. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo isipokuwa wewe, zamani, nilipochora kuku wako nyuma ya daftari la katekisimu.

Nipe hadi tarehe thelathini. Mwambie Mukabera tarehe thelathini. Naapa.

Mtoto wako,
Umuhire


Bukavu, 16 Juni 2023

Umuhire,

Habari. Huku tuko wazima, isipokuwa mumoja.

Barua yako ilinifikia ikiwa imefunguliwa. Siku ya lundi, kisha yenga yako ya kuandika, Bernadette alifika nayo kwangu, mi nilikuwa ku hospitali juu ya presha. Akasema atanipa kesho. Kesho yake, mardi asubui, mvua ikanyesha, akaweka barua ku kiuno kusudi isilowe, akavuka na kilo zake tatu za sambaza.

Bakamwangushia biki.

Akasema, “Niko na mimba.” Yule wa meza akasema, “Siku hizi bote muko na mimba.” Mukaguzi mwanamuke akamugusa ku kiuno, akasikia kitu inalia kra, kra. Ile karatasi yako ya kuchorea. Akamupeleka nyuma ya pazia.

Alikuwa amevaa kikwembe kimoja. Kimoja tu, na barua yako.

Habakumupiga, habakumutukana. Yule mukaguzi mwenyewe alisikia haya, akamwomba pardon, akamusaidia kufunga. Bakafungua barua kuona kama ndani kuko makuta, feza, bakamurudishia. Lakini Bernadette ni muke wa katekista. Alilia kutoka kwa daraja mpaka ku mulango wangu, na sambaza aliiacha kulekule.

Nilisoma kurasa zako zote tano. Nilizisoma mara mbili. Unaandikaka muzuri.

Usitume tena barua ku mugongo ya muntu.

Joséphine


Rwimbogo, 20 Septemba 2023

Mama Mkubwa,

Barua hii haikubebwa kiunoni mwa mtu. Sandrine alikuja kunisaidia, ameiweka mkobani bila bahasha, na mtu yeyote akitaka aisome. Nakusalimu, na nasalimu mgongo wako, na presha yako. Sandrine anasema unalala vizuri siku hizi. Mimi nimekonda, usianze kunitumia unga.

Mara ya mwisho uliweka jina lako peke yake, bila neno “mama”. Nilikitazama kile kipande cha karatasi kitupu kabla ya jina kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama mchoro. Ndiyo maana nimekaa miezi mitatu bila kukuandikia. Sikutaka kukuletea ahadi nyingine, nilitaka kukuletea mambo yaliyokwisha kufanyika.

Siku ile ile barua yako iliponifikia niliifuta ile video, na duka nikalirudishia fedha yake. Lakini nikafanya upumbavu mwingine, na nataka uujue kutoka kwangu. Tarehe mosi Julai nilichora mchoro mpya: mimi mwenyewe, kwa mgongo, nikipita nyuma ya pikipiki na chupa ya maji mkononi. Nikaweka sauti yangu na jina langu kamili. Nikasema nilimwacha mama yangu kwenye kizuizi. Nilidhani ni kitubio. Kufikia jioni watu elfu sitini walikuwa wamelia pamoja nami. Asubuhi duka jingine likaniandikia, likasema hadithi kama hizo zinagusa, je, naweza kufanya moja kila wiki?

Hata aibu yangu ilikuwa imeanza kulipa.

Kabla ya saa sita mchana nilifuta ukurasa wote, michoro mia mbili na kumi. Nilikaa kitandani kama mtu aliyetoka kuzika. Kisha nikafundisha, nikasahihisha mitihani, likizo ikaingia, na kila Jumamosi nikajiambia nitavuka kwenda kwa Bernadette. Nilivuka Jumamosi ya pili ya mwezi huu.

Alikuwa uani, akimnyonyesha mwanawe, Christophe-Aimé. Hakusimama.

“Karibu, mwalimu. Telefone iko wapi?”

“Mkobani.”

“Itoe. Weka inje, pale ku jiwe, kuku baichunge. Mi nilishaonwaka, inatosha.”

Nikaiweka nje. Nikarudi, nikapiga magoti, nikasema yote niliyokuwa nimeyaandaa. Alinisikiliza hadi mwisho huku akimpiga mtoto mgongoni ili acheue.

“Hiyo pardon ulipika siku ngapi?”

“Miezi mitatu.”

“Inasikilika. Imeungua.” Akacheka kidogo, halafu akaacha. “Simama, unanichafulia muke wa watu roho. Mi nilikuachiliaka siku mutoto alizaliwa, sikutaka anyonye hasira. Lakini si mi mwenye nilifukuza Joséphine. Kesho kisha misa bamama bako kwa Mukabera. Pale njo uende kupiga magoti, na uvae sapato ya kukimbia.”

Nikalala kwa jirani yake mmoja. Hukujua kwamba nilikuwa Bukavu, umbali wa mteremko mmoja kutoka mlangoni kwako. Bernadette ndiye aliyenikataza kufika: “Usiende kuliaka kwake bure. Umuletee kitu.”

Kwa Mukabera walikuwa kumi na saba, wameketi kwenye mikeka wakimenya maharage mabichi. Nilipoingia mmoja akapiga makofi: “Kumbe ni kadogo hivi! Mi nilifikiri ni muzungu mwenye miwani.” Mwingine akasema, “Mufiche bikwembe, mashini ya kuhesabu imefika.” Wakacheka sana. Nilitamani wanitukane tu, ingekuwa rahisi zaidi.

Mukabera hakucheka. Akaniuliza nimefuata nini. Nikasema sikuja kujiombea mimi. Nimekuja kuomba Mama Joséphine arudi kwenye njia yake, kwa sababu yeye hakuwauza, alijivunia tu mtoto asiyestahili. Nikasema ukurasa umekwisha.

“Ile video ilishakufa,” akasema Mukabera. “Hata bale ba meza bamechoka na muchezo ya biki. Mi siogope video. Naogopa macho yako. Ukisimama pale ku barrière ya mupaka kungojea mama yako, unatuhesabu. Hata kama hutaki. Nadanganya?”

Mama Mkubwa, nilitaka kusema anadanganya. Lakini tangu nilipoketi nilikuwa nimeshaona kwamba yeye pini yake huiweka juu, chini ya kwapa la kushoto, ndiyo maana haonekani mnene. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta karatasi. Nikasema, “Hudanganyi.”

Nadhani hawakutegemea jibu hilo.

“Basi,” akasema, “Joséphine atarudi. Lakini wewe hatutaki kukuona karibu na mupaka. Si leo, si noeli. Utaenda kukaa fasi ingine.”

“Na akitaka kuniona?”

“Eko na miguu. Atakufuata.”

Nikasema ndiyo. Niliomba kitu kimoja, wasikwambie mapatano hayo kabla sijayatimiza, kwa sababu ungekataa. Ungekuja juu, ungemtukana Mukabera mbele ya watu, ungebaki mlangoni ukitazama ziwa, na mimi ningebaki Kamembe na chumba changu. Nakujua.

Nilimpelekea habari siku niliyohama, basi ukiwa ulishangaa Jumanne kumwona Mukabera mwenyewe kwako na uzi uliotungwa pini za kukufungia mkononi, ndiyo sababu.

Kuna mwalimu wa hesabu huku kijijini Rwimbogo, mbali na kizuizi, Damascène, ambaye kwa miaka minne ameomba kuhamia mjini ili awe karibu na mkewe. Tulibadilishana nafasi. Wakuu wa shule zote mbili walitia saini kwa siku mbili, nadhani hakuna aliyewahi kuomba kwenda upande huu kwa haraka hivyo. Nyumba ina chumba kimoja na bustani ya mihogo ya mtu mwingine. Jirani yangu, mzee Karangwa, ameshaniuliza mara tatu nimekosa nini mjini. Nimemwambia nimekosa heshima, akadhani natania.

Ulisema hujajua pa kuiweka ile siku niliyokutazama nikaenda. Sikuombi uiweke mahali popote. Safari hii nimeondoka, na unajua kutoka kwangu kwamba nimeondoka, na kwa sababu gani.

Ijumaa, ukishavuka, usinitafute upande wa huku wa kizuizi. Jumanne nilimrudishia mwenye nyumba ufunguo wa chumba cha Kamembe, na Damascène alikuwa tayari mlangoni, na godoro lake kichwani.

Mtoto wako,
Umuhire